Jitu Nililolipigia Magoti

Nilipovunjika mguu, bodaboda ilipoteleza kwenye mteremko wa mtaa wetu, Bakoba, marafiki zangu walikuja wiki ya kwanza na machungwa. Wiki ya pili wakapiga simu. Baada ya hapo kila mtu na shughuli zake, na siwalaumu sana, ingawa kidogo nawalaumu. Nilibaki chumbani na plasta, simu, na gemu moja la mtandaoni la mapanga na uchawi.

Kundi letu lilikuwa watu watatu. Kiongozi alikuwa mama anayenunua dagaa kisiwani Goziba. Kwenye gemu alikuwa shujaa mwenye ngao. Mwalimu mmoja wa Muleba alikuwa mpiga mishale. Mimi nilikuwa mganga, kazi yangu kuwatibu wenzangu wakiumia. Sikuwahi kuwaona kwa macho, lakini kila alasiri tulicheza huku tukiongea kwenye simu, na siku nyingi hizo ndizo sauti pekee nilizozisikia. Kiongozi alikuwa na sheria moja: atakayetuponza kwa uzembe, anatoka. Alishamtoa mtu, hata kwaheri hakumpa. Nami nikitolewa, nabaki na ukuta.

Jumapili moja tulikuwa tunapita kwenye pango. Ndani yake jitu zee lilikuwa limelala kwenye kiti cha mawe, ndevu nyeupe hadi magotini. Kupigana nalo kunahitaji kundi kubwa, watu kumi hivi.

"Piteni kimya," kiongozi akasema. "Msifanye lolote."

Sasa sisi tuliolelewa Uhayani, mtoto hapiti mbele ya mzee kama mbuzi. Unapiga magoti, unasalimia, ndipo upite. Marehemu bibi yangu alikuwa anakurudisha kutoka barabarani, hata kwenye mvua, uje usalimie upya. Basi kidole changu, bila kuniomba ruhusa, kikabonyeza alama ya kupiga magoti. Jitu likafumbua jicho.

"Nani kaligusa?" kiongozi akafoka.

"Sikuligusa, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima. "Nimelisalimia tu."

Mwalimu akaangua kicheko. Rungu la jitu likamkuta hapo hapo, kicheko kikaisha. Mlango wa pango ukajifunga, na tukifa wote tunapoteza kila kitu tulichokusanya tangu mvua zianze. Aibu ikanishika, nikauliza kama nizime simu niondoke.

"Ukizima nitakuja Bakoba niuvunje na huo mguu mwingine," kiongozi akasema. "Tibu!"

Nikatibu. Jitu lilikuwa zito kugeuka, kwa hiyo kiongozi alilizungusha kwenye nguzo huku mwalimu akilipiga mishale mgongoni. Lilikuwa limebakiza uhai kidogo tu pale mtandao wa Goziba ulipokatika. Shujaa wetu akasimama wima kama mgomba, rungu likimjia. Sikufikiri. Nikatoka mafichoni, nikasimama mbele yake, nikalichapa jitu kwa fimbo yangu isiyoweza kuua hata kuku. Likanigeukia mimi. Uhai wangu ulikuwa umebaki kiduchu niliposikia, "Nimerudi, sogea." Nikasogea. Mishale miwili zaidi, jitu likaanguka.

Walipomaliza kushangilia, nikaanza mwenyewe. "Mama, sheria naijua. Ahsanteni kwa kunivumilia."

"Unakwenda wapi?"

"Nimewaponza."

"Umetuponza, ndiyo. Halafu mimi nimekatika mtandao, ukasimama mbele yangu. Mtu wa hivyo nimtoe nimpeleke wapi?" Kisha akauliza, "Leo umekula?"

Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula, na nadhani alijua, maana aliniuliza naishi nyumba gani.

Jumamosi mwalimu alishuka kwenye basi la Muleba, akabisha hodi kwangu. Alileta ndizi alizopika mke wake, na mfuko wa dagaa uliovushwa kwa boti kutoka Goziba. Akakaa nami mpaka nikamaliza sahani. Nilikula huku nalia, na sioni haya kulisema.