Ng'ombe Waliokuja Msaragambo

Elirehema ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka ishirini na sita, na mdomo ule kaurithi kwangu. Alipochaguliwa mwenyekiti wa mfereji wetu hapa Ndungu wazee walinung'unika, nikawakaripia. Lakini siku aliposimama mkutanoni akasema msaragambo wa safari hii na wafugaji wataitwa, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Msaragambo ni kazi ya wote. Baragumu likilia, kila kaya inatoa mtu. Sasa Wamasai tena? Hao ambao ng'ombe wao kila kiangazi wanabomoa kingo za mfereji?

"Shangazi, wanabomoa kwa sababu hawana pa kunyweshea," akanijibu. "Na hatujawahi kuwaita."

Wakati huo ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mpunga, ilikuwa inavuja chini. Tulishaiziba mara mbili, ikavuja vilevile. Miche kitaluni ilianza kuwa ya manjano. Wazee wakamwambia wazi: isipokaa na maji kufikia Jumapili, mwanangu, kiti utuachie. Nilimhurumia.

Jumamosi tulikuwa watu arobaini, tunashusha udongo wa mfinyanzi ndani ya ndiva iliyokauka. Saa nne vumbi likatokea upande wa tambarare. Alikuwa Loserian, mfugaji wa boma la jirani, na ng'ombe sitini. Wote sitini, jamani. Nikakamata jembe kama rungu.

"Tulikuita wewe, hatukuita ng'ombe," nikamfokea. Hata salamu sikumpa.

"Shikamoo, mama," akasema taratibu. "Mlisema kaya ije. Nikiwaacha hawa peke yao, jioni mtaniita kwa jambo lingine."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Loserian akachungulia ndiva, akaokota bonge la udongo, akaliminya.

"Udongo huu haushindiliki kwa majembe," akamwambia Elirehema. "Kwetu lambo linashindiliwa kwa kwato. Mwageni maji, niwaingize."

Elirehema akawatazama wazee, wakatazama chini. Ng'ombe wangeharibu, lawama yote ingekuwa yake. Akasema, "Waingie."

Ng'ombe wakazungushwa humo mpaka saa tisa, sisi tukimwaga maji na udongo mbele yao. Mimi mwenyewe nilibeba ndoo nane, nikilalamika kila ndoo. Jioni tukafungulia mfereji ujaze.

Jumapili watu walitoka ibadani wakapitiliza ndivani na nguo zao za kanisani. Maji yalikuwa yamesimama palepale tulipoyaacha jana jioni. Nililia, na wala sioni haya kusema.

Elirehema akafungua daftari apange zamu, maana kwetu aliyefanya msaragambo ana haki ya maji. Alipofika jina la Loserian akasita. Siku zote zina wenyewe. Kila mtu akajifanya anaangalia milima. Jumatano asubuhi ni yangu tangu niolewe, na sijawahi kumwazima hata dada yangu.

"Andika Jumatano asubuhi," nikasema. "Ng'ombe wanywe kwanza, mimi nitafungulia mchana."

"Una hakika, shangazi?"

"Andika kabla sijabadili mawazo."

Jumatano mchana nikaenda na jembe langu kuziba mabomoko, kama nilivyozoea kila kiangazi. Nikafuata mfereji mwanzo mpaka mwisho. Sikukuta la kuziba.