Nilivyomtembeza Mfalme Ukweni

Wapo wanaolisimulia jambo hili vibaya, wanatia chumvi, wengine wanasema nilivaa na aproni, basi bora niliseme mwenyewe: ni kweli niliosha vikombe ukweni siku ya kumposea mwanangu, nikiwa na kanzu na koti, na ni kweli hakuna aliyeniomba. Aproni sikuvaa.

Mimi shule niliiacha darasa la nne na sioni haya kulisema. Nilifika Landani sina kitu, nikapakua mizigo kwenye maghala ya Hayes mpaka mikono ikaota sugu, leo nina magari yangu ya kuhamisha watu na vijana wa kuyaendesha. Sataranji nayo nilijifunza mwenyewe, uzeeni, kwenye mgahawa wetu palepale Hayes, baada ya kuwafunga wote kwenye drafti nikakosa mtu wa kucheza naye.

Sasa kwenye drafti yetu mnajua, kingi akishapatikana anaruka ubao mzima, anakula mbele na nyuma. Nilipoonyeshwa sataranji nikaambiwa mfalme anakaa nyuma, analindwa, hafanyi kitu, nikauliza, mfalme gani huyo? (Mimi ndiye tajiri wa magari yangu na makabati nabeba na vijana wangu.) Basi nikabuni ufunguzi wangu: askari aliye mbele ya mfalme anasogea, halafu mfalme mwenyewe anatoka nje. Mgahawani ulikuwa unanipa ushindi, maana mtu akimwona mfalme yuko uwanjani anapagawa, anamkimbilia na kila alichonacho, nyumba yake anaiacha wazi, na mimi huku mdomo haupumziki: "Mbona unatetemeka, bwana? Kunywa maji!" Na tuna sheria yetu pale: aliyefungwa hasemi neno mpaka vikombe vya chai vioshwe. Tuliiweka kwa sababu walioshindwa walituchosha na visingizio, huyu jua lilimpiga machoni, yule mkewe alimpigia simu.

Haya. Mwanangu Idi akampenda Rukia, binti wa Mwalimu Haruni wa mtaa wa Rayners Lane. Mwalimu alifundisha hesabu maisha yake yote, mtu wa maneno machache, na alikwisha kumkataa mchumba mmoja kwa sababu tu wazee wa kijana walikuja na mzaha mwingi. Idi alinieleza haya ndani ya gari, kwa Kiingereza (Kiswahili anakielewa chote, ila jibu lake lazima litoke kwa lugha ya alikozaliwa): Baba, kunywa chai, sema lililotupeleka, turudi nyumbani. Na ukiona ubao wa chesi usiuguse, yule mzee ndiye bingwa wa klabu yao.

Asingenitajia ubao, pengine nisingeuona.

Tukaingia, mimi, Idi na mke wangu. Maneno ya posa yalikuwa juu yangu, nimeyakariri wiki nzima mbele ya kioo, yenye mithali na mashairi ndani yake. Sebule ilikuwa ndogo, wanaume na wanawake tumekaa pamoja kwa kukosa nafasi, ukutani vyeti vya Mwalimu vimepanda mpaka karibu na dari, na kwenye meza ya dirishani, ubao. Nikavitazama vile vyeti, navyo vikanitazama. Nikasema moyoni, huyu lazima ajue kwamba kijana huyu naye ana baba. Tulikuwa tunamngoja Mzee Athumani, kaka yake Mwalimu, maana posa haipokelewi bila yeye.

"Mwalimu," nikasema, "wakati tunamngoja kaka, tucheze moja."

Idi akafumba macho. Mama Idi akanikanyaga mguu.

"Kumbe unacheza?" Mwalimu akauliza.

"Kidogo. Lakini kwa sheria ya kwetu Hayes." Nikamweleza.

"Mpaka vikombe vioshwe?"

"Mpaka vioshwe. Na hakuna msamaha." (Hilo la msamaha nililiongeza palepale, sijui kwa nini.)

Akanipa nyeupe kwa kuwa mimi mgeni. Nikasogeza askari, naye akasogeza wake. Nikamtoa mfalme.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mkono umeteleza, mzee mwenzangu. Rudisha tu, hatujaanza."

"Haukuteleza. Mfalme wangu si wa kufungiwa ndani, anafanya kazi. Wako mgonjwa?"

Rukia, aliyekuwa anapita na sinia la kaimati, akasimama kama aliyesahau anakokwenda.

Nikangoja Mwalimu apagawe. Hakupagawa. Akatoa farasi mmoja, akatoa wa pili, taratibu, kama mtu anayezunguka nyumba yake akifunga madirisha. Mimi sikunyamaza: "Wanafunzi wako wangekuona leo, Mwalimu!" Na mfalme wangu nikamsogeza mbele, kwani kumrudisha niliona ni aibu, mpaka akafika katikati ya ubao, kasimama kama mgeni aliyeshushwa kituo sicho na mizigo mkononi na mvua inanyesha. Malkia wa Mwalimu akaja. "Mfalme," akanionya. Nikasogea. "Mfalme." Nikasogea. Mara iliyofuata hakusema kitu, aliniangalia tu kwa huruma, na ni hiyo huruma iliyoniuma. Nikatafuta kijumba cha kukimbilia, hakuna. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Nikafungua mdomo niseme kwamba kiti kilikuwa kifupi. Mama Idi akaweka kidole midomoni. "Sheria, Baba Idi."

Kengele ikalia. Mzee Athumani akaingia, akatoa salamu (nikaiitikia moyoni, Mungu anisamehe), akaketi, akapewa chai, akasema, "Haya, wageni wetu, tumewapokea. Semeni lililowaleta."

Wote wakanigeukia. Mimi kimya.

"Mzee anaumwa?" akauliza.

"Baba, tafadhali," Idi akasema, na hilo alilisema kwa Kiswahili.

"Mzee mwenzangu, mimi nimekusamehe," akasema Mwalimu. "Zungumza."

Nikatikisa kichwa. Nilikwisha kusema hakuna msamaha, na mtu asiye na cheti ukutani ana neno lake tu. Mzee Athumani akamgeukia ndugu yake: "Haruni, kama wamekuja kututania, watu wa namna hii si tulikwisha kuwaona?" Rukia akainamisha uso. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mke wa mwanangu anapotea kwa sababu ya mchezo, na kwamba imebaki njia moja. Nikainuka, nikakusanya vikombe, cha Mzee Athumani nikakitoa mkononi mwake kikiwa na chai, nikaingia navyo jikoni.

Jikoni mama yake Rukia alikuwa anakaanga sambusa, kichwa wazi. Akapiga ukelele, akavuta kitambaa cha kufutia vyombo akajitanda nacho. "Baba Idi! Una nini? Acha! Rukiaaa, mkweo anaosha vyombo!" Mimi ndiyo kwanza nazidisha sabuni. Akaninyang'anya kikombe, nikakivuta, akakivuta, mwisho yeye akabaki na kikombe na mimi nikabaki na mkono wa kikombe, umekatika.

Na kutoka sebuleni nikamsikia Mama Idi, polepole kama anayechambua mchele: "Jamani, mtuwie radhi. Mume wangu ana maneno mengi, na leo mmeyaona yote, hakuna yaliyobaki nyumbani. Ila akiahidi jambo, hata la kipuuzi, hulifuata mpaka jikoni kwa watu. Kwa hilo nimeishi naye. Mtoto wetu hana maneno, huyo kanifuata mimi. Tunamwomba Rukia."

Kisha nikasikia kicheko, na kilikuwa cha Mwalimu.

Nikaosha kikombe cha mwisho, nikatoka mbio, maneno yangu ya wiki nzima yako ncha ya ulimi na ruhusa ya kusema sasa ninayo, nikakuta watu wameinua mikono, wanasoma Fatiha. Binti kashatolewa. Nikainua na yangu, povu likateremka mpaka viwikoni ndani ya kanzu, na neno langu la kwanza na la pekee katika posa ya mwanangu likawa "Amina."

Siku hizi nikienda Rayners Lane napewa chai kwenye kile kikombe kisicho na mkono, kisha Mwalimu anatandaza ubao, ananifunga, nakaa kimya, naosha. Mfalme wangu pale hatoki tena, nimeapa, anakaa nyuma ya askari wake na kulindwa kama wafalme wengine wavivu.

Hayes bado namtoa. Hayes hawajajua dawa yake, na atakayewaambia mimi simjui.