Mbwa wa Mama Safi na Mlango wa Duka la Bafta

Saa mbili asubuhi, mvua imekatika kidogo katika mtaa wa Tshopo mjini Kisangani, na Mama Safi binti Ramazani anashona gauni kwa mguu mmoja. Mguu wa kulia unakanyaga pedali ya cherehani. Wa kushoto umefungwa kamba ya katani, na kamba hiyo inatambaa sakafuni, inavuka kizingiti cha duka, inatokea barazani.

Mwandishi wa habari hizi, aliyekuja kutafuta mafundi waliorudi kutoka msituni, anadhani ameona jambo la kupeleka polisi: mwanamke amefungwa kazini! Mama Safi anacheka mpaka uzi unakatika.

"Hapana, papa! Si miye nimefungwa. Fuata kamba, utaona nani iko kule mwisho."

Kule mwisho amelala mbwa mwekundu, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Miguu yote minne ni myeupe hadi magotini, ndiyo maana anaitwa Soseti, yaani soksi. Shingoni amevaa kengele ya mti, kama mbwa wote wa wawindaji wa msituni, kwenye njia ya Opala. Anamtazama mgeni, anapiga miayo, anarudi kulala.

Habweki. Hajabweka tangu azaliwe. Mbwa wa namna yake hawajui kitu hicho. Wakifurahi hutoa mlio wa kulialia, basi.

Leo ni Ijumaa, na baada ya sala ya adhuhuri Papa Nassoro, mwenye duka na mwenye cherehani, anataka jibu. Mama Safi amwondoe mbwa, au ainuke kwenye kiti cha cherehani. Amepewa wiki nzima ya kufikiri, na wiki imekwisha.

"Nimefikiri mpaka kichwa inaniuma," anasema Mama Safi, akitia uzi upya kwenye sindano. "Nikitoa mbwa, nimetupa mutu aliyenilisha. Nikitoka kwa mashine, nitakula nini? Kazi ingine sijui."

Ana miaka thelathini na minane, ni mjane, hana mtoto. Analipwa kwa kila nguo anayoimaliza, na kabla ya kamba alikuwa akimaliza magauni matatu kwa siku. Sasa anamaliza moja, na siku ikiwa nzuri moja na nusu, maana kushona kwa mguu mmoja si mchezo.

Basi kwa nini asimfunge mbwa kwenye nguzo ya baraza kama watu wengine? Mwandishi anauliza, na Mama Safi anamtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini samaki asianikwe mtoni.

"Wataiba! Nyama iko wapi kwa soko siku hizi? Mbwa ya kuwinda ni mali. Na wengine hawataki hata kuwinda, wanamutaka yeye mwenyewe kwa sufuria. Sasa atapiga kelele namna gani, na kelele hana?"

Wiki mbili zilizopita alimfunga nguzoni. Alipotoka kumpa maji, alikuta fundo limelegezwa nusu na kengele imejazwa majani mabichi ili isilie. Wawindaji hufanya hivyo hasa, huziba kengele mpaka wafike mahali pa windo. Kwa hiyo aliyekuja hakuwa mwizi wa kuku aliyepita njia. Alikuwa mtu anayejua mbwa hawa, na alikimbia tu kwa sababu Mama Safi alitokea mapema.

Tangu siku hiyo kamba imehamia mguuni pake.

Mbwa huyu alipatikana msituni. Mwishoni mwa mwaka 1964, mapigano yalipoingia mjini, Mama Safi na mama yake, Bi Zaina, walikimbia na vitu vilivyoweza kubebwa kichwani. Walishika njia ya Opala, wakaenda mbele zaidi ya barabara, wakajenga kibanda cha majani karibu na wawindaji. Mama Safi alikuwa na sindano tatu na uzi. Aliwashonea wale watu nguo zao zilizochanika, na mwindaji mmoja akamlipa mtoto wa mbwa.

"Nilikasirika," anakumbuka. "Niko Mwislamu, nafanya nini na mbwa? Mama akaniambia, mwenye kuwinda anaruhusiwa mbwa, nyamaza, chukua."

Walipolala njaa mara kadhaa, alijifunza kuwinda. Alimtuma mbwa na Bismillahi, akafuata kengele, akarudi na mboloko, yule paa mdogo wa msituni ambaye sufuria moja inamtosha. Nyama waliigawa na waliokimbilia pale pale, na mmoja wao alikuwa Papa Nassoro na mkewe na watoto wao.

Lakini anachokumbuka zaidi si nyama.

"Siku moja watu wa bunduki walipita karibu. Walikuwa wa upande gani sijui, na sikutaka kujua. Mbwa ya jirani ilikuwa ya mjini, ikabweka. Wakaenda kwa jirani." Anageuza kitambaa. "Soseti alikuwa amelala kwa miguu yangu. Aliwaona. Alinyamaza."

Alitoka msituni mwaka jana na mbwa. Mama yake hakutoka.

Papa Nassoro si mtu mbaya, na anataka gazeti liandike hivyo. Amesimama nyuma ya meza, kipimo cha kitambaa begani, na uso wake unaonyesha mtu ambaye hakulala vizuri wiki hii.

"Mboloko ya mbwa ile nilikula. Watoto wangu vilevile. Sikatai, na nyama ilikuwa halali kabisa. Lakini bwana, pori ni pori, duka ni duka. Hapa nauza bafta. Unajua bafta inafanya nini?"

Bafta ni kitambaa cheupe cha pamba, na Waislamu wa Kisangani huzikwa nacho. Mwezi uliopita mke wa Papa Amuri, seremala, alifariki alfajiri. Mumewe na ndugu walikuja dukani kununua sanda. Kipande kilichobaki kilikuwa cha mwisho, maana meli za kutoka Léopoldville siku hizi zinafika zikipenda. Kilikuwa kimetandazwa mezani, Papa Nassoro anakikata, na nje mvua ikashuka kwa ndoo.

Siku zile Soseti alikuwa bado huru kukaa barazani. Alikimbia mvua. Aliingia mlangoni amelowa chapachapa, akasimama kando ya meza, akajikung'uta kuanzia masikio hadi mkia.

Wasomaji wasio Waislamu waelewe ukubwa wa mkasa. Mbwa mkavu akikugusa, hakuna neno. Mbwa aliyelowa ni habari nyingine: kitu alichokigusa lazima kioshwe mara saba, na mojawapo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sanda nzima ilikuwa na matone. Dukani hakuna nyingine, mjini hakuna nyingine, na maiti yuko nyumbani anangoja.

Sanda ilioshwa. Ikakaushwa kwa pasi ya makaa, kwa kuwa jua halikuwapo. Mazishi yaliyopangwa kabla ya adhuhuri yakasogea mpaka alasiri, na Papa Amuri hakusema neno hata moja. Neno hilo lisilosemwa ndilo linalomnyima Papa Nassoro usingizi.

"Angenitukana, ningejua niko wapi. Amenyamaza. Mwezi mzima! Na wamama wa msikitini sasa wanaingia hapa, wananusa kitambaa kabla ya kuuliza bei. Donc, basi nifanye nini? Nifunge duka kwa sababu ya mbwa?"

Mwandishi, ambaye kusema kweli anaanza kulipenda swali hili kupita kiasi, anawageukia wateja. Mbwa aingie dukani au asiingie? Mama Clémence, mchuuzi wa samaki wa kukaushwa kutoka Yanonge, amekuja kununua uzi wa nyavu. Yeye ni Mkristo, udongo na mara saba havimhusu, na mwandishi anatarajia atamtetea mbwa.

"Jamais, hata siku moja!" anapiga meza. "Zamani, ku magasin ya mundele, duka ya muzungu, mbwa yake iko inapita mulango wa mbele, inalala ndani, inapata baridi ya sima, ile saruji ya chini. Siye tunasimama inje ku kadirisha, ku jua, tunanyoosha mukono. Nilipata indépendance, uhuru, ili nipange mustari nyuma ya mbwa tena? Te, hapana! Mbwa abaki inje, hata akiwa na soseti, hata akivaa kravati shingoni."

Dukani wote wanacheka, Mama Safi akiwa wa kwanza. Na hapo ndipo mwandishi anapopata mshangao wa siku. Anamuuliza fundi yeye anaonaje, akitegemea kesi ya utetezi.

"Mbwa asiingie," anajibu bila kuinua macho. "Siku ile ya sanda nani alipiga kelele kushinda wote? Ni miye. Papa Nassoro iko na haki. Shida yangu si ndani. Shida yangu ni inje."

Adhana inasikika. Papa Nassoro anafunga mlango nusu, anakwenda msikitini. Mama Safi anabaki anashona, haraka kuliko asubuhi, kama mtu anayetaka kumaliza gauni kabla ya kunyang'anywa. Mwandishi anamuuliza ameamua nini. Anafuta macho kwa mkono wa nguo na kuendelea kukanyaga.

Papa Nassoro anaporudi, hayuko peke yake. Nyuma yake anapanda barazani mzee mwembamba mwenye kanzu ya kijivu na vumbi la mbao kwenye kofia. Kengele ya mti inalia. Mzee anamtazama mbwa, anakusanya kanzu yake kwa mikono miwili, anampita kwa mbali, anaingia. Ni Papa Amuri.

Mashine inanyamaza. Mama Safi anasimama, amesahau kamba, na nusura aanguke.

"Nimesikia kwa msikiti," Papa Amuri anamwambia mwenye duka, bila salamu nyingi, "unataka kufukuza huyu mama sababu yangu. Nani alikutuma? Miye nilikutuma?"

"Papa Amuri, heshima yako..."

"Wacha heshima yangu. Mbwa asiingie dukani, kwa hiyo sina maneno mawili. Siku ile nilikasirika, na bado niko na hasira. Lakini nakuuliza: sanda ya bibi yangu, nani aliosha?"

Papa Nassoro anaelekeza kidevu kwa fundi wake.

"Aliosha nikiwa nimesimama pale mlangoni. Maji ya udongo, halafu maji safi, halafu tena. Machozi inaanguka. Wewe ulisema saba imefika, yeye akasema hapana, arudie. Sikuona mutu anaosha kitu namna ile." Mzee anamgeukia fundi. "Alikuwa hamujui hata bibi yangu. Nimekuja kumuuliza kwa nini."

Mama Safi anaitazama sakafu.

"Mama yangu alikufa kule porini, papa. Bafta iko wapi? Kitambaa hata ya kufunika uso nilikosa. Nilimufunga na majani ya mangungu, yale tunafungia chikwange, mikate ya muhogo. Mama yangu, papa, kama chikwange." Anashika ukingo wa meza. "Sanda ilipochafuka nilisema, hapana, mama wa mutu mwingine hapana."

Mama Clémence, ambaye alikwisha kununua uzi wake zamani lakini haondoki ng'o, anajipangusa pua kwa ncha ya kitenge.

Papa Amuri anaanza tena, kwa ukali. Anataka kujua kwa nini cherehani imekaa ndani, wakati mafundi wa Kisangani tangu zamani wanashonea barazani. Papa Nassoro anaeleza: alikuwa na mashine tatu, mbili zilikwenda na vita, hii moja anailinda kama jicho. Halafu baraza inavuja, mvua inapiga kutoka upande wa mto.

"Mvua? Miye ni seremala! Nitaweka ukuta wa mbao pale, na paa kidogo. Jioni mutaingiza mashine ndani, asubuhi mutatoa. Mama anashona inje, mbwa iko karibu yake, hakuna mwizi, hakuna kamba. Wateja wanaingia kwa amani. Iko ngumu?"

"Na mbao? Bei ya mbao siku hizi, Papa Amuri..."

"Mbao iko. Nilikuwa naweka ya kitanda mupya, miye na bibi." Anavua kofia, anaikung'uta vumbi, anaivaa tena. "Kitanda haina haraka sasa."

Papa Nassoro anazunguka duka, anagusa mashine, anachungulia baraza, anapiga hesabu za hofu yake. Mwishowe anainua kidole. Amekubali, ila mbwa akitia mguu mmoja tu ndani, mambo yamekwisha.

"Iko na miguu mine," anasema Mama Clémence. "Utachagua gani?"

Hata Papa Nassoro anacheka. Mama Safi anainama kufungua fundo mguuni, na fundo linakataa kulegea, mpaka Mama Clémence anapiga goti kumsaidia. Ngozi ya kifundo imechubuka na kuwa nyekundu.

Jioni, Papa Amuri akiwa tayari anapima baraza kwa hatua zake na kulalamikia kazi ya fundi aliyeijenga, mwandishi anauliza swali la mwisho. Mama Safi anatamani nini mbele ya safari?

Mashine yake mwenyewe, anasema, hata kuukuu. Halafu duka, dogo tu, hapa hapa Tshopo.

Na katika duka hilo, mbwa wataruhusiwa kuingia?

"Ah non!" anajibu mara moja, akicheka, kisha kicheko kinapungua. "Ndani nitaweka bafta, nyeupe, mingi, hata mwezi ambao hakuna mutu anakufa. Meli ikichelewa, ichelewe. Vita ikirudi, Mungu apishe mbali, watu wapite kwangu kwanza wakate kipande, waende nayo porini. Asiye na kitu, nitamupa."