Kichwa Kilichosukwa Mara Mbili

Nikisikia harufu ya ncha za nywele bandia zikiunguzwa kwa kiberiti, ngozi ya kichwa hunikaza. Mama alikuwa msusi katika saluni ya Wakongo kule mtaa wa Berea. Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajajaa, alinisuka mimi. Nilikaa sakafuni, katikati ya magoti yake, naye akiniuliza mambo. Wiki hii nilikaa na nani darasani? Tulicheka nini? Hakugomba hata nilipojibu ovyo, na hilo ndilo lililonitia shaka. Mtu mzima anayesikiliza bila kugomba, niliwaza, lazima kuna kitu anatafuta.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Rafiki yangu Divine alikuwa na "kaka" mwenye gari, ambaye hakuwa kaka wa mtu yeyote. Alitununulia soda na kutuambia tusiwaambie wazazi. Jumamosi moja aliahidi kutupitia kwenye robot, zile taa za barabarani za kona ya saluni, zikiwa nyekundu turukie ndani, twende baharini. Mama nilimwambia nina mazoezi ya kwaya.

"Kwaya ya leo iko na nani?"

"Divine."

"Na nani tena?"

"Watu tu, mama."

Vidole vyake vikasimama, kisha vikaendelea. Alipomaliza msuko wa mwisho, akanipa kioo.

"Eish, mstari umepinda. Tunafumua."

Mama Grâce, msusi wa kiti cha pili, akaangua kicheko. "Weye upindishe mstari? Basi leo hata samaki atazama!"

"Cheka tu, dada. Mtoto wangu hatoki na kichwa hivi."

Gari lilipofika, nusu ya kichwa changu ilikuwa imesukwa na nusu imesimama timtim. Divine alinipungia kupitia dirisha la gari. Nilijificha nyuma ya kiti kwa aibu. Taa zikabadilika, wakaenda. Nililia kwa hasira, na mama akarudisha wateja wawili ili amalize kichwa changu.

Baada ya siku ile Divine alikuja shule na viatu vipya, hasemi na mtu. Kisha hakuja tena. Mama yake alifika saluni, akamuuliza mama yangu marafiki wa mtoto wake walikuwa akina nani.

Chuo kikuu kilinifundisha kudai ushahidi, kwa hiyo mwaka jana nilimbana mama: alijua?

"Mstari ulipinda," alisema, macho kwenye kichwa cha mteja.

Lakini kioo nilikishika mimi. Mstari ulikuwa umenyooka. Alichokuwa akikitafuta Jumamosi zote zile, nadhani, ni jinsi shingo yangu inavyokaa ninaposema kweli, ili siku itakapokaza kwa uongo, vidole vyake vijue.