Siku Benki Ilipokuja Shambani Kurui

Tulikuwa na vyumba vinne Zegereni, vyote vimepangwa na vijana wa viwandani. Kila mara mtu aligonga geti kuulizia chumba, tukamrudisha. Mume wangu akawa hapati usingizi. Alitaka tujenge vingine sita. Benki ilikuwa tayari kutukopesha, ila ilitaka dhamana, na kiwanja chetu hakikuwa na hati. Lenye hati lilikuwa shamba la mama yangu, Kurui.

"Nimeshazungumza naye kwa simu," mume wangu aliniambia. "Amekubali."

Tukaenda na afisa wa benki. Mama alitupokea kwa furaha, akatutandikia mkeka, akainjika chai. Afisa akaanza kupiga picha mikorosho. Mama akanigeukia.

"Mgeni wenu anapiga picha za nini?"

Nilimtazama mume wangu. Aliinamisha macho. 

"Ni dhamana tu, mama," alisema. "Hakuna atakayelichukua."

"Na mkishindwa kulipa?"

Afisa ndiye aliyejibu, kwa upole. "Mkishindwa kabisa, mama, benki italiuza."

Mama alinyoosha mkono kwenye kaburi la baba, pembeni mwa mikorosho. "Na huyu mtamuuza pamoja na shamba?"

"Mama, wenzetu wote wanakopa!" Mume wangu alipaza sauti. "Kwa woga huu tutazeeka na vyumba vinne."

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akimpandishia mama sauti. 

"Shamba haliwekwi dhamana," nilisema.

Mume wangu aliinuka, akaenda kusimama barabarani. Afisa akafunga mkoba wake.

Mama akamimina chai. Kisha akasema ana fedha za korosho, alizoziweka kwa ajili ya kuezeka upya nyumba yake. "Sikopeshi, na riba siitaki. Nitaingia ubia. Jengeni viwili, kodi ya kimoja iwe yangu."

Tukarudi Zegereni. Nyumbani tukaishi kwa salamu tu, hadi asubuhi moja nikamkuta uwanjani anavuta kamba za msingi. Vyumba viwili. Nilimpelekea maji, akanywa, akaendelea.

Vyote viwili vina wapangaji sasa. Kodi ya mama mume wangu anaituma mwenyewe, haicheleweshi. Lakini kuhusu ile simu aliyosema alimpigia mama hajaniambia neno, na bado nasubiri.