Damu Iliyobebwa Kwapani

Faustina Kalinga ana ugonjwa mmoja: kuuliza. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja hapa Mbeya, yeye maabara, mimi nesi wa wagonjwa mahututi, na siku nyingine natamani kumbandika plasta mdomoni. Ni Mhehe wa Iringa, amepanga mtaa wa Soweto hapa mjini, na hata akinunua parachichi atataka kujua mti wake ulipandwa lini.

Julai hii tulimpokea mama Esnath, mkulima wa mpunga kutoka Madibira. Kidonda cha mguu kilikuwa kimeingiza sumu kwenye damu. Wagonjwa wa aina hiyo tunawapima lakteti, taka ambayo mwili huitoa kwa wingi ukielemewa. Namba ikishuka, tunapumua. Ikipanda licha ya dawa, tunaanza kuongea na ndugu kwa sauti ya chini. Jumatatu ilikuwa nne nukta sita. Jumanne ikaja tano nukta mbili.

Daktari alimweleza mwanawe, Shedrack wa Ilomba, kwamba hali si nzuri. Shedrack hakubishana. Wajomba zake walishasema dada yao akafie nyumbani kwake, si kwenye mashine za watu, na gari lilikuwa njiani kutoka Madibira. Bila dripu na oksijeni mama yule asingefika hata Chimala, katikati ya njia. Nilijua, na Shedrack alijua. Akaomba fomu ya kumtoa, nami nikaenda kuichukua huku roho inaniuma.

Faustina akanikuta kwenye korido na fomu mkononi. Akauliza kama mgonjwa amekojoa. Nikamwambia sana, tangu asubuhi. Presha je? Inapanda vizuri. Vidole? Vimeanza kupata joto.

"Sasa hiyo namba mbaya imetoka wapi?" akasema.

Nilimjibu vibaya, nakiri. Nilimwambia mashine ni yake, akaiulize mwenyewe.

Wala hakununa. Aliifuatilia ile chupa ya damu ya asubuhi hatua kwa hatua, mpaka kwa Tadeo, mhudumu wetu anayepeleka sampuli maabara. Boksi la barafu lilikuwa tupu. Tadeo akafungua koti, akapandisha sweta, na chupa za mchana zikaonekana zimefungwa kitambaa safi, zimebanwa kwapani. Akaeleza kwamba mwaka jana alifokewa kwa kuweka kwenye barafu damu ya kuotesha vijidudu, akaambiwa ile haitaki baridi. Basi kwa baridi hii yetu akaona azihurumie zote. Na kwa kuwa ana salamu na kila mtu, asubuhi ile alizunguka na chupa ya mama Esnath wodi zote kwa karibu saa mbili nzima.

Lo! Faustina akafumba macho kwanza. Halafu akamweleza taratibu kwamba chembe za damu hazifi zikitolewa mwilini. Zikikaa kwenye joto zinaendelea kula sukari na kutoa lakteti humo humo chupani. Namba ya mama Esnath ilikuwa imepandia kwapani.

Nikachukua damu upya. Faustina akaitia kwenye barafu na kukimbia nayo mwenyewe, mtu mzima na mwili wake, watu wanampisha. Tatu nukta moja. Nilimkuta Shedrack ameshashika kalamu.

"Usisaini," nikamwambia. "Ile namba haikuwa ya kweli. Mama anajitahidi."

Aliketi sakafuni akalia. Gari la Madibira lilikuja, likarudi na wajomba peke yao.

Ijumaa mama Esnath alikunywa uji kikombe kizima na kulalamika kwamba hauna sukari. Nikashuka maabara na furaha yangu kumpa Faustina habari. Nikamkuta ameinamia daftari la majibu, anafunua kurasa kurudi nyuma, Julai, Juni, na Tadeo amesimama mbele yake. Nilielewa mara moja anachotafuta, nikatamani kumfungia lile daftari. Fomu za waliopelekwa nyumbani kufa miezi hiyo, kwa namba kama ile, nilizileta mimi kwa mkono wangu.

"Kaka Tadeo," akauliza, "sweta ulianza kuvaa lini?"