Chumvi Isiyotiwa Mboga

Kazi yangu ni kukausha maji. Nikisema hivyo watu hucheka, hasa hapa Dodoma, ambako maji hukauka yenyewe bila kumwajiri mtu. Lakini maji yangu si ya kunywa wala ya kufulia. Yanatoka kiwanda cha ngozi, yanaletwa na boza mpaka huku nje ya Msalato, kijivu, na harufu yake miezi ya mwanzo nililala nayo nikaamka nayo. Ngozi mbichi hupakwa chumvi isioze, halafu huoshwa, halafu hulainishwa kwa dawa kali. Uchafu wote wa shughuli hiyo huishia kwangu.

Kwanza maji yanamwagwa kwenye mabwawa mapana yasiyo na kina, yaliyotandikwa plastiki nyeusi, jua na upepo vikayapunguza. Yakishakuwa mazito nayaingiza kwenye mtambo, tangi la chuma lenye mabomba ya moto tumboni. Humo yanachemka, mvuke unapanda, unapozwa, unarudi kuwa maji, na boza linayarudisha kiwandani yakaoshe ngozi nyingine. Kinachobaki chini ni chumvi. Ni nyeupe, inang'aa, na kama hujui ilikotoka unaweza kuitamani. Ndani yake mna zile dawa za ngozi, ndiyo maana naipakia gunia ndani ya gunia na lori linakuja kuipeleka kwenye shimo la zege ikafukiwe. Lori likichelewa, na linapenda kuchelewa, magunia yanapangwa nyuma ya mtambo mpaka yanakuwa kilima.

Niliitaka kazi hii. Nilitoka kwetu Busi baada ya ndoa yangu kuvunjika, na nilichokuwa nakitafuta ni mahali pasipo na shangazi wa kuniuliza kulikoni. Nikapewa hasa nilichoomba. Dereva wa boza alikuwa hazimi hata injini. Mhandisi alikuja alipojisikia, akatazama mita, akasema "poa, dada," akapanda gari. Mlinzi aliingia jioni na redio yake, nami nikaingia chumbani kwangu, nje kidogo ya uzio. Siku za mwanzo nilikifurahia kile kimya. Baadaye kikaanza kunila. Nilijikuta naitukana pampu kwa sauti, si kwamba imekosa, ila nisikie mtu anaongea.

Ndipo akaja bibi.

Nilimkuta amesimama kwenye uzio, ameegemea fimbo, anatazama mvuke. Nilijua ni wa kile kijiji cha ng'ambo ya korongo.

"Mbukwa," alinisalimu kwa lugha ya kwao.

"Mbukwa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mnachemsha chumvi."

Hakuwa anauliza. Akanieleza kwamba alipokuwa msichana alikwenda na mama yake mbugani, upande wa Bahi, wakati wa kiangazi. Walikwangua udongo wa chumvi, wakauchuja kwa maji kwenye chungu kilichotobolewa, wakachemsha maji yale mpaka yakaisha. "Na wewe ni kazi ile ile," alisema, "ila chungu chako cha chuma."

Mama yangu mzazi mpaka leo hajui ninafanya nini. Mwanamume niliyeishi naye miaka hakuwahi kuuliza. Huyu alitazama mara moja akaelewa. Nilifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza, maana sikumwambia palepale kwamba chumvi yangu si ya jikoni. Niliona nitaharibu mazungumzo.

Akawa anakuja. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba changu, akanifundisha kupika mlenda mkavu usishikane mabonge. Aliniletea mlenda huo kwenye kibuyu kidogo kilichokatwa mdomo, cheusi kwa kushikwa, nami sikukirudisha kitupu. Mara sukari, mara majani ya chai. Ndivyo tulivyolelewa wote, yeye kwao na mimi kwetu: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Siku asizokuja nilichungulia njia ya korongo kama mtoto anayemngoja mama atoke gulioni.

Siku moja alinikabidhi kibuyu, akasema, "Hiki leo nirudishie na chumvi."

"Ipi, bibi?"

Akaelekeza fimbo kwenye kilima cha magunia.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia ni sumu, ina dawa za kiwandani, haifai kwa mtu wala kwa mbuzi. Alinisikiliza kwa utulivu, halafu akanifunza kazi.

"Chumvi yote ina uchungu wake, mwanangu. Sisi tulikuwa tunauondoa. Nipe hivyo hivyo ilivyo, nitaichuja mwenyewe."

"Uchungu huu hauchujiki, bibi."

"Umeshajaribu?"

Sikuwa nimejaribu, na mimi nina hasira za karibu. Nikajibu kwa ukali kwamba si ya kujaribiwa, na kwamba nikimpa nitafukuzwa kazi. Hilo la kazi ndilo alilolisikia. Uso wake ukajifunga. Mtu anaweza kukunyima nyama akaeleweka, anaweza kukunyima hata maji Dodoma hii ukamwonea huruma. Chumvi hainyimwi. Hata wagombanao huombana chumvi kupitia kwa watoto.

Nilidhani nitalimaliza jambo hilo. Nikaenda mjini, nikanunua pakiti za chumvi nzuri, nikakijaza kibuyu mpaka mdomoni. Alipokuja alichovya kidole, akaonja.

"Hii ya dukani."

"Ndiyo, bibi."

"Unayo mlima, ukaifuata mjini?"

Akaimimina yote kwenye sinia langu, taratibu, isidondoke hata punje. Akaondoka na kibuyu kitupu. Hakuja tena, na mimi nilikaa na lile sinia mbele yangu mpaka mlinzi akabisha hodi kuuliza kama naumwa. Nilikuwa naumwa, ila si ugonjwa wa kumwambia mlinzi.

Baada ya hapo ni dereva wa boza aliyeniletea habari, akicheka. "Dada, huko kijijini unaitwa mkono wa birika. Eti una chumvi ya kulisha mkoa mzima, unanyima vikongwe." Nilikwenda kuchota maji bombani, nikasalimia, wakaitikia wakiangalia ndoo zao. Wachungaji waliokuwa wakipitisha ng'ombe karibu na uzio wakawa wanazunguka mbali. Mhandisi akaleta bango lenye fuvu la kichwa na mifupa, akalipigilia langoni. Nilisikia wamelitafsiri hivi: tajiri anaficha chumvi yake. Hakuna aliyeamini kwamba ni sumu. Walichoamini ni kwamba mimi ni mchoyo, na kwa mchoyo mtu mwenye heshima zake haendi.

Nilikonda. Ilikuwa inaniuma sana kunyimwa salamu na watu ninaowalinda. Kuna siku nilitamani mmoja wao aje aibe, walau nimfukuze, tubishane.

Masika yakaja na nguvu. Korongo likajaa, barabara ikawa tope, boza likasimama, na vitu vikaanza kuniishia, chumvi ikiwa ya kwanza, hata ile ya sinia. Maji yalipopungua nilivuka kwenda kwenye kiduka cha kijiji.

"Chumvi hakuna," muuzaji alisema. "Gari limekwama."

Nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa mkamwana wa bibi, mke wa mwanawe, ana mtoto mgongoni.

"Wewe ndiye unatafuta chumvi?"

"Ndiyo."

"Na ile yako?"

"Ile hailiwi."

Alinitazama kuanzia miguuni, iliyojaa tope la korongo, mpaka usoni. Nikarudi kwangu, nikapika mlenda, nikaula bila chumvi. Aliyewahi kula mlenda usio na chumvi anajua. Unateleza tu, kama unameza huzuni yako mwenyewe. Dirishani nilikiona kile kilima cha magunia chini ya turubai.

Asubuhi mkamwana akabisha hodi. Alikuwa na kile kibuyu, na ndani yake chumvi, haijafika hata nusu.

"Mama kasema, kwetu chumvi hainyimwi. Hata mchoyo hanyimwi. Na sisi imebaki hiyo hiyo, tumegawana."

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, nikamwambia mlenda wa jana niliula bila chumvi. Alisubiri nimalize, akanawa miguu kwa maji ya pipa langu, akaenda zake.

Kibuyu kilikuwa mikononi mwangu, na kitupu hakirudi. Nilikuwa na karanga nilizoletewa kutoka Busi. Nikakijaza, nikavuka korongo, nikitembea polepole maana nilikuwa naogopa. Bibi alikuwa amekaa peke yake nje ya nyumba, anapepeta uwele. Alikipokea kwa mikono miwili, akakichungulia.

"Hujaleta chumvi."

"Sijaleta, bibi."

Akaendelea kupepeta. Nilisimama tu, sikujua niondoke au nipige magoti.

"Nimeambiwa ulikula mboga bila chumvi," alisema baadaye.

"Ndiyo, bibi."

"Na mlima wote ule nje."

"Na mlima wote ule."

Ungo ukasimama. Akatazama upande wa mtambo, ambako siku hiyo hakukuwa na mvuke.

"Basi ni mbaya kweli," alisema. "Mtu hali mlenda ule kwa uchoyo."

Nikamwomba, karibu nimshike mikono, awaambie wenzake. Angesema neno moja tu, ningesalimiwa bombani. Akatikisa kichwa.

"Nikiwaambia sumu, watasema tuone. Wataonjesha mbuzi, watoto wataonja. Wewe hukuniambia? Na mimi nilitaka kuionja. Lakini nikisema wewe mchoyo, hawaji." Akanitazama, na macho yake yalikuwa na huruma. "Vumilia, mwanangu."

Nikasema nitavumilia. Ilikuwa ngumu kuitamka na ni ngumu mpaka leo, maana bombani bado wanaangalia ndoo zao.

Wakati huo majirani wawili walikuwa wanakuja njiani na kuni kichwani. Bibi akawaona. Akapaza sauti, wasikie vizuri, "Mchoyo huyo kaja! Mwenye chumvi yake huyo!" Nao wakacheka, wakapita. Walipokwisha kupita akanisogezea kigoda.